Maiti ya Mzungu, Ushahidi wa Kiswahili

Mnamo saa tisa usiku wa kuamkia Januari 24, 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakisafirisha maziwa kwa lori walikuta motokaa aina ya Buick imeacha njia karibu na makutano ya barabara za Ngong na Karen, nje kidogo ya Nairobi. Taa zake zilikuwa bado zinawaka. Ndani mlikuwa na maiti ya Josslyn Hay, Lord Erroll, mwenye umri wa miaka 39, mmoja wa walowezi waliovuma mno katika koloni la Kenya. Alikuwa amepigwa risasi kichwani.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mpenzi wa visa vya jinai. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na marehemu, alitiwa mbaroni mwezi Machi. Kesi yake ilianza Mei 26 na kumalizika Julai 1 kwa kuachiliwa huru, baada ya wakili wake kuonyesha kuwa mikwaruzo iliyokuwa kwenye risasi haikulingana na ile inayoachwa na bastola aina ya Colt iliyotajwa na upande wa mashtaka. Broughton alijiua mjini Liverpool mnamo Desemba 1942. Hapana mtu mwingine aliyehukumiwa. Mwaka 1982 James Fox alichapisha White Mischief, filamu ya jina hilo hilo ikafuata mwaka 1987, na tangu hapo vitabu vimemiminika, kila kimoja na muuaji wake. Wapo wanaomnyoshea kidole mume, wapo wanaomtaja mpenzi aliyeachwa, na wapo wanaosaka mkono wa majasusi wa Uingereza.

Katika maandishi hayo yote, wale wapeleka maziwa wawili hupewa sentensi moja, aghalabu mbili. Wanaikuta maiti, wanatoa habari, wanatoweka. Msomaji haambiwi waliambizana nini pale barabarani kabla ya kuamua kuwaendea polisi, wala haelezwi uamuzi huo ulikuwa na uzito gani kwa Mwafrika aliyesimama usiku wa manane kando ya gari lenye maiti ya Mzungu. Hata hivyo, neno la kwanza kusemwa kuhusu kifo hicho lilitoka vinywani mwao, na kwa mazingira ya Nairobi ya wakati ule, yamkini polisi waliambiwa kwa Kiswahili cha namna fulani.

Hapo ndipo penye hoja. Riwaya ya mauaji inayosawiri mji wa kikoloni wa nchi za joto imekuwa bidhaa kubwa katika lugha ya Kiingereza, ilhali mji wenyewe haukuishi kwa Kiingereza. Uhalifu ulionekana, ukanong'onwa na kusimuliwa kwa lugha za wenyeji, kisha ukaandikwa katika majalada kwa lugha ya mtawala. Baina ya usemi na maandishi hayo pana pengo, na hakuna maficho mema zaidi kwa muuaji kuliko pengo hilo. Kwa sababu hiyo riwaya ya aina hii ina haki ya kuandikwa kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote katika Afrika Mashariki. Haki hiyo haitokani na uzalendo mtupu. Inatokana na sarufi.

Na tuanze na kiambishi. Shahidi anaposema, «Nilimsikia akitoka nyumba kubwa usiku, hakuvaa viatu,» hakuna Mswahili anayejua kama aliyetoka ni mwanamume au mwanamke. Si siri wala udanganyifu. Lugha haikumtaka aseme. Mkalimani, kwa upande wake, hawezi kuifikisha sentensi hiyo kwa afisa wa Kiingereza bila kuchagua. Akichagua «mwanamume», karani ataandika hivyo, hakimu atasoma hivyo, na mwanamke asiye na viatu atakuwa ameondolewa katika orodha ya washukiwa bila mtu yeyote kusema uongo. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kuficha jinsia ya muuaji wake hulazimika kujipinda na kuzungukazunguka hadi msomaji akashtukia mtego. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuificha kurasa mia mbili, mchana kweupe, na msomaji asishuku lolote. Ni ajabu kwamba hazina hii haijachimbwa ipasavyo na watunzi wetu wa taharuki.

Kisha kuna saa. Mpishi akieleza kwamba aliona taa chumbani saa tatu usiku, anamaanisha wakati ambao watu wengi bado hawajalala. Karani mgeni anayeandika tarakimu aliyoisikia atamfanya mpishi huyo awe macho alfajiri. Tofauti ni saa sita kamili. Katika kisa cha Erroll, muda kati ya kuagana kwake na Diana huko Karen na kupatikana kwa maiti haukufika hata saa moja. Mtu anaweza kuona jinsi maisha ya mshukiwa yanavyoweza kuning'inia katika kosa kama hilo. Si lazima kosa la namna hiyo liwe lilitokea katika kesi ile. Lakini lingeweza kutokea katika kesi yoyote ya mji wa aina ile, na riwaya hujengwa kwa yale yawezayo kutokea.

Neno «bwana» nalo ni mtego mwingine. Yaya akisema, «Bwana alikuja jioni akaondoka,» amemtaja nani? Mwenye nyumba? Mume wa mpishi wa kike? Mgeni wa heshima? Na mama anayemkemea mtoto kwa kusema «nitakuua leo» huenda asubuhi yake akajikuta anaulizwa na polisi kuhusu tishio la mauaji, iwapo kwa bahati mbaya mtoto wa jirani ameokotwa mtaroni. Mifano hii haihitaji ustadi wowote kuitafuta. Mwanafunzi yeyote wa isimu anaweza kuketi akaorodhesha mingine kumi kabla ya chai.

Upande wa pili wa pengo ni lugha ya mpelelezi mwenyewe. Afisa wa polisi aliyeshuka melini kutoka Uingereza alikuta walowezi wakitumia kile kilichokuja kuitwa Kisetla, yaani Kiswahili kilichovuliwa ngeli na upatanisho, kikabakiwa na amri. Ni lugha inayoweza kuagiza maji ya kuoga, kufukuza mbwa na kuitisha farasi. Haiwezi kuuliza «kwa nini». Mpelelezi asiyeweza kuuliza «kwa nini» ni kichekesho, na kichekesho hicho kinageuka msiba pale mtu anapopelekwa kunyongwa kutokana na majibu yake.

Kwamba mambo haya yalikuwa ya kufa na kupona, historia ya Kenya inashuhudia. Katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwishoni mwa 1952, mkalimani wa kwanza wa mahakama alikuwa Louis Leakey, na mawakili wa utetezi walilalamikia ukalimani wake hadi akajiondoa. Huko kulikuwa na wakili mashuhuri kutoka London aliyeweza kusimama na kupinga. Washtakiwa wengi wa enzi hiyo hawakuwa na mtu kama huyo. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Aidha, sheria yenyewe haikuwa moja kwa wote: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa mbele ya juri la Wazungu wenzake, kama alivyohukumiwa Broughton, ilhali Mwafrika aliketi mbele ya jaji na wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji hakulazimika kuyafuata. Riwaya ya mauaji ya Nairobi ya kikoloni isiyoonyesha milango hii miwili ya mahakama moja itakuwa imeandika hekaya ya mji mwingine.

Huenda ikaulizwa kama watunzi wa nchi nyingine zilizotawaliwa hawajalitatua tatizo hili. Mfano mzuri ni Abir Mukherjee, mwandishi mwenye asili ya Kibengali aliyekulia Uskoti. Riwaya yake A Rising Man, iliyotoka mwaka 2016, inasawiri Kolkata ya 1919, mwaka wa Sheria za Rowlatt na mauaji ya Amritsar. Afisa wa ngazi ya juu wa Kiingereza anakutwa ameuawa katika mtaa wa wenyeji, na upelelezi unamwangukia Kapteni Sam Wyndham, aliyetoka tu London, akisaidiwa na Sajini Surendranath Banerjee. Wakubwa wa Kiingereza wameshindwa kulitamka jina la sajini huyo, hivyo wamelivunja na kulifanya maneno ya Kiingereza yenye maana ya «usisalimu amri». Ni mzaha wenye makali, na riwaya nzima ina uaminifu mkubwa kwa historia. Lakini anayesimulia ni Wyndham. Msomaji anauona mji kwa macho ya mgeni, anatokwa na jasho la mgeni, na anashangaa pamoja na mgeni. Ilibidi msururu huo ufike kitabu cha tano, The Shadows of Men cha mwaka 2021, ndipo Banerjee akapewa nafasi ya kusimulia kwa kupokezana na mkubwa wake. Vitabu vinne mtu akisubiri zamu ya kusema katika mji aliozaliwa! Si kosa la Mukherjee peke yake. Lugha aliyoiandikia ndiyo iliyompangia viti.

Kolkata hiyohiyo ina deni jingine katika kisa hiki, nalo linaifikia Nairobi kwa njia iliyo wazi. Alama za vidole, ambazo katika fikra za wasomaji wengi ni chombo cha wapelelezi wa London, zilipata mfumo wake wa uainishaji huko Bengali. Ofisi ya kuhifadhi alama hizo ilifunguliwa Kolkata mwaka 1897, chini ya Edward Henry, na hesabu zilizowezesha maelfu ya alama kupangwa na kutafutika zilifanywa kwa sehemu kubwa na maafisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mfumo huo ukabeba jina la Henry. London iliupokea mwaka 1901. Nchini Kenya, sheria ya 1915 ya kusajili wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, mara nyingi ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni.

Hebu mtunzi wa riwaya ya upelelezi alitafakari jambo hilo. Katika Nairobi ya miaka ya 1920 na 1930, serikali ilikuwa na alama za vidole za wanaume Waafrika kwa maelfu, wala haikuwawekea Wazungu daftari la namna hiyo. Basi bilauri ikiachwa kando ya maiti ikiwa na alama za vidole, na alama hizo zisipatikane katika hifadhi, ukimya wa hifadhi ndio ushahidi wenyewe. Aliyeshika bilauri ni mtu ambaye dola haikuona haja ya kumshuku. Anaweza kuwa Mzungu. Anaweza kuwa Mhindi mwenye duka. Tena anaweza kuwa mwanamke Mwafrika, kwa kuwa kipande kilikuwa cha wanaume. Mpelelezi Mzungu atasimama mbele ya makabati yake na kutangaza kwamba fumbo halina ufumbuzi. Dobi, aliyebeba kipande miaka kumi, angemweleza maana ya ukimya huo kwa dakika moja lau angeulizwa kwa lugha ya kueleweka. Na mtunzi akiunganisha kipande na kile kiambishi kisichotaja jinsia, tayari ana mwanamke ambaye hayumo katika majalada ya vidole wala katika tafsiri ya ushahidi. Mji mzima umemwona. Dola haikumwona.

Itasemwa kuwa Kiswahili kinayo tayari riwaya yake ya mauaji ya enzi za ukoloni, na ni kweli. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960. Humo alizaliwa Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi ambaye wahakiki hawajachoka kumlinganisha na Sherlock Holmes. Wasomi wengi humtaja Abdulla kama mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, kisha hupita haraka kuelekea kwa waandishi wanaowaona kuwa wazito zaidi. Haraka hiyo si ya haki. Lugha yake ina ladha ambayo wengi waliomfuata hawakuifikia.

Lakini kuna jambo moja la kushangaza kuhusu Unguja ya Bwana Msa. Mwaka 1957, shindano lile lilipoanza, Zanzibar ilikuwa ikifanya uchaguzi wake wa kwanza. Karibu miaka kumi kabla, mwaka 1948, mgomo wa makuli ulikuwa umeutikisa mji. Mwaka mmoja baada ya kitabu kuchapishwa, ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Bwana Msa alipelelezea mauaji katika mji uliokuwa ukinoa visu, na visu hivyo havisikiki katika riwaya ile. Fumbo lake ni la mashamba na siri za ukoo, na adui wake mkuu ni ushirikina wa wanaoamini kuwa mzimu unaweza kuua. Mkoloni hashiki nafasi yoyote ya maana katika fumbo.

Wahakiki wa mrengo wa kijamii wamelihesabu hilo kuwa kasoro, hata woga. Wana sehemu ya ukweli. Kuanzia 1958 Abdulla alikuwa mhariri msaidizi wa jarida la kilimo la Mkulima, na mtu wa nafasi kama hiyo huchunga kalamu. Hata hivyo, kuna njia nyingine ya kulisoma jambo hilo. Bwana Msa hana kibali cha serikali. Hakutumwa na kamishna yeyote. Anauliza maswali kwa sababu yeye ni mtu mwenye akili katika mji wake, na watu wanamjibu kwa sababu anajua kuuliza. Haihitaji miaka mitano wala vitabu vitano ili apewe zamu. Zamu ni yake tangu ukurasa wa kwanza. Katika mwaka 1960, kumwandika Mswahili anayefikiri hivyo bila kumwomba Mwingereza ruhusa hakukuwa jambo dogo. Kumwondoa mkoloni kitabuni kunaweza kuwa woga, na kunaweza pia kuwa dharau.

Dharau hiyo ilifaa wakati wake. Mtunzi wa leo anayerudi kwenye miaka ile hawezi kuishi humo, kwa kuwa anaandika akijua yaliyofuata na akiwa na majalada yaliyofunguliwa. Adam Shafi alionyesha sehemu ya njia katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999: Unguja ya kikoloni imejaa wapelelezi wa serikali, milango ya siri, jela na mapenzi yanayovuka mipaka ya jamii. Viungo vyote vya mchuzi vimo. Lakini riwaya hiyo si fumbo. Msomaji anajua tangu mapema nani anamwinda nani, na taharuki yake ni ya kukimbia na kukamatwa. Kwa upande mwingine, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ni fumbo halisi, ila ni la Dar es Salaam iliyokwisha kujitawala. Kinachokosekana ni kitabu kinachokutanisha mambo haya mawili: fumbo la Abdulla na dola ya Shafi.

Hapa ndipo pingamizi mbili husikika, hasa katika kumbi za semina. Ya kwanza ni kwamba upelelezi ni fasihi pendwa, burudani ya safarini, na mwanafunzi wa uzamili hapaswi kupoteza muda wake humo. Pingamizi hii haistahili majibu marefu. Wanaoitoa kwa kawaida wamemsoma Abdulla mara mbili na hawakumbuki mara ya mwisho walipomaliza riwaya «nzito» bila kulazimishwa na silabasi.

Ya pili ina uzito. Inasema kwamba muundo wa riwaya ya mauaji unaahidi kitu ambacho mji wa kikoloni haukuwa nacho. Mpelelezi hufumbua fumbo, muuaji hutajwa, ulimwengu hurudi mahali pake. Lakini ulimwengu wa kikoloni ukirudi mahali pake, umerudi katika dhuluma. Zaidi ya hayo, je, ni heshima kufanya mchezo wa kubahatisha katika mahali ambapo watu halisi waliuawa na wauaji wakajulikana?

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ugumu wa swali hilo. Mnamo Machi 16, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema watu 21 walikufa. Wengine walisema ni wengi zaidi. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume wasonge mbele, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Na imesimuliwa tangu wakati ule kuwa walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, karibu na hapo, nao walijiunga katika kufyatua risasi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 1941, mahakama ya mji huohuo ilitumia siku nyingi kujadili mikwaruzo ya risasi zilizomuua mtu mmoja. Mwaka 1922, hakuna mahakama iliyokaa kuuliza ni risasi zipi zilitoka katika bunduki za polisi na zipi zilitoka katika bunduki za kuwindia simba.

Swali hilo ni la upelelezi, tena la aina ya kimapokeo kabisa. Linamhitaji mtu wa kukusanya risasi, wa kuzilinganisha, wa kumuuliza mhudumu wa hoteli aliyekuwa amebeba sinia la vinywaji barazani alasiri ile. Mtu huyo hakuteuliwa mwaka 1922. Riwaya inaweza kumteua. Anaweza kuwa askari kanzu aliyeambiwa afuatilie jambo jingine kabisa, tuseme wizi wa saa ya mgeni mmoja hotelini, na ambaye katika kuitafuta saa hiyo anaanza kuhesabu maganda ya risasi. Au awe mkalimani wa mahakama, anayejua kwamba kila alichotafsiri wiki hiyo kimeondolewa neno moja. Atajua mwishoni ni nani. Hatakuwa na mahali pa kumpeleka. Mwisho wa namna hiyo hauvunji ahadi ya riwaya ya mauaji. Unaihamisha kutoka mahakamani hadi kwa msomaji, ambaye amepewa ushahidi wote kwa lugha uliyotolewa. Wanaoogopa kwamba utunzi kama huu utawakosea heshima wafu wa 1922 wangejiuliza ni heshima gani wafu hao wameipata kwa kuachiwa tarakimu tu, tena tarakimu yenye ubishi, huku marehemu wa mwaka 1941 akiandikiwa maktaba.

Bila shaka kazi ya namna hii ina mitego yake. Mtunzi anaweza kulewa utafiti akageuza riwaya kuwa somo la historia, kila mhusika akisimama kueleza sheria ya 1915 kabla ya kunywa chai. Anaweza pia kumfanya kila Mzungu muuaji na kila Mwafrika shujaa, na hapo fumbo hufa ukurasa wa kumi, kwa sababu msomaji ameshajua. Katika nyumba ya kikoloni kulikuwa na mpishi aliyempeleleza mwenzake kwa bakshishi, karani wa Kihindi aliyeona na kunyamaza, askari aliyempiga ndugu yake ili apandishwe cheo, na mke wa mlowezi aliyeandika barua isiyotumwa. Wote hao wana siri, na siri ndiyo mtaji wa utunzi huu. Abdulla aliliona hilo mapema: wahusika wake wanadanganya kwa sababu zao ndogondogo, wala si kwa kuwa ni wabaya, na uongo wao mdogo ndio unaoficha uongo mkubwa.

Kuhusu lugha ya usimulizi, kuna uamuzi mgumu ambao kila mtunzi atalazimika kuufanya. Je, Kisetla cha afisa kiandikwe kilivyo, na makosa yake yote, au kisafishwe? Kikisafishwa, pengo limezibwa na fumbo limeharibika. Kikiachwa kilivyo kwa kurasa nyingi, kinachosha na kugeuka kejeli ya bei rahisi. Pengine njia ni kukitumia kwa uchache, mahali ambapo kosa la sarufi linabadili maana ya swali, na msomaji asikie shahidi akijibu swali aliloulizwa wala si lile afisa alilokusudia. Mtunzi wa tamthilia angelitatua kwa urahisi zaidi jukwaani, lakini hiyo ni makala nyingine.

Malighafi haiko mbali. Hifadhi ya Taifa ya Kenya iko katika Barabara ya Moi, Nairobi, ndani ya jengo lililokuwa la Bank of India, na wanafunzi hulipita kila siku wakikimbilia matatu. Majalada ya utawala wa kikoloni yamo humo, yameandikwa kwa Kiingereza cha makarani. Anayejua Kiswahili vyema anaweza kukisia, chini ya sentensi ya karani, sentensi iliyosemwa: pale palipoandikwa saa isiyoelekea, pale «bwana» alipogeuzwa kuwa mtu mmoja tu, pale shahidi aliposema «a-» na mwanamume akazaliwa kwenye karatasi.

Na wale wawili wa lori la maziwa bado wamesimama barabarani Karen, taa za Buick zikiwamulika, mmoja akimwambia mwenzake jambo.